Kupita Kibwezi kwa miguu: shajara ya vipindi vya Yiannis Kouros

Jumapili, 9 Februari

Tumekubaliana. Vitakuwa vipindi vitano vya sauti, kila kimoja dakika ishirini au pungufu, juu ya maisha ya Yiannis Kouros, Mgiriki aliyewahi kukimbia kilomita 303.506 ndani ya saa 24. Tunawatengenezea vijana wa vikundi vya mbio hapa Mombasa pamoja na wanafunzi wa sekondari, na vitatumwa simu kwa simu, njia ile ile yanayopitia mawaidha na taarabu. Watendaji ni wachache: mimi naandika, dada mmoja wa Kibokoni anasimulia, kijana wa studio anarekodi, na mzee mpiga udi amesema atatusikiza kwanza ndipo atoe jibu.

Swali la kwanza lilitoka kwa dada msimulizi: kwa nini Mgiriki, ilhali nchi hii ina wakimbiaji wa kujaza vipindi mia? Nimelichukua kwa uzito. Marathoni bora ya Kouros ni ya saa 2 na dakika 24. Kelvin Kiptum alikimbia Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Mtu wa saa 2 na dakika 24 akienda Iten kufanya mazoezi, hakuna atakayegeuka kumtazama. Ila barabara ikirefuka, zikipita kilomita mia, kisha mia mbili, usiku ukaingia na ukatoka, mtu huyo huyo alikuwa hana mwenzake duniani.

Hapo ndipo ninapotaka vijana wetu wasimame wafikiri. Kijana wa Pwani hukua akiambiwa mbio ni mali ya watu wa milimani, na yeye aliyezaliwa usawa wa bahari atafute mpira au aogelee. Kwa mbio za uwanjani na marathoni maneno hayo yana msingi, kwa kuwa kukulia mita elfu mbili na zaidi juu ya bahari husaidia kweli. Lakini ultramarathoni, yaani mbio ndefu kuliko marathoni, ina maswali yake. Unaweza kula huku unakimbia? Unajua unywe kiasi gani? Joto unalihimili? Saa tisa usiku, hakuna wa kukushangilia, utaendelea? Mlima haumjibii mtu hayo.

Alhamisi, 13 Februari

Leo Kouros anatimiza miaka 69. Alizaliwa tarehe kama hii mwaka 1956 huko Tripoli, mji wa ndani katika jimbo la Arcadia, kusini mwa Ugiriki. Si Tripoli ya Libya, na msimulizi atalisema hilo mapema kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wanaijua ile ya Libya kwanza.

Jumapili, 16 Februari

Siku nzuri kwa mradi. Kilichonisumbua ni namna ya kumfanya msikilizaji wa Mombasa auone umbali. Ukisema kilomita 246 inapita sikioni kama namba ya simu. Nikaenda kwa ami yangu, ambaye amepeleka makontena kutoka Kilindini hadi Malaba tangu mimi niko shule ya msingi.

"Ami, mtu akitoka hapa akakimbia kilomita mia mbili arubaini na sita, afika wapi?"

"Mtito Andei." Hakufikiri hata kidogo.

"Mia tatu na tatu?"

"Kibwezi ushaipita. Makindu iko mbele yako."

"Mia nane sabini na tano?"

Hapo akahesabu kwa vidole, Nairobi, Nakuru, Eldoret. "Eldoret waiacha nyuma. Uko karibu na Webuye."

Basi ramani yetu ikapatikana. Mbio za Spartathlon, kutoka Athens hadi Sparta, ni kutoka Mombasa hadi Mtito Andei. Rekodi ya Kouros ya saa 24 ni kutoka Mombasa hadi kupita Kibwezi, kuondoka baada ya sala ya alfajiri na kuingia alfajiri ya pili. Mbio za Sydney hadi Melbourne, alizoshinda mara tano kati ya 1985 na 1990, zilianza na njia ya kilomita 875, nayo ni Mombasa hadi kukaribia Webuye. Mwaka 1985 alizimaliza kwa siku 5 na saa 5.

Ami akaniuliza, "Na huyo alilala wapi?"

Nikamwambia ile ya saa 24 na zile za Spartathlon hakulala. Akaweka kikombe cha kahawa chini. Alikaa kimya, kisha akasema jambo ambalo nimeliandika neno kwa neno, kwa sababu kipindi cha pili kitasimama juu yake: "Gari halichelewi njiani, mwanangu. Huchelewa vituoni."

Nimerudi nyumbani nikafanya hesabu. Kilomita 303.506 kwa saa 24 ni wastani wa dakika 4 na sekunde 45 kwa kilomita. Wastani huo unajumlisha kila kitu: kunywa, kubadili viatu, kwenda haja. Akisimama nusu saa tu kwa jumla katika siku nzima, miguu yake lazima iende 4:39 muda wote uliobaki. Akisimama saa moja, inakuwa 4:33. Kwa njia nyingine, ni marathoni saba mfululizo, kila moja kwa saa 3 na dakika 20, na baada ya ya saba bado una kilomita nane. Saa 3 na dakika 20 ni muda ambao mkimbiaji mzuri wa mtaani hujivunia mara moja kwa mwaka.

Jumamosi, 22 Februari

Nimewaomba wenzangu wa kikundi tujaribu mwendo huo wenyewe, tusiusome kwenye karatasi tu. Tulianza barabara ya Mama Ngina, ukingoni mwa bahari, baada ya alfajiri, upepo wa kaskazi ukivuma kutoka baharini, tukawa tunazunguka. Sharti lilikuwa moja: 4:45 kwa kilomita, asiyeweza aache.

Kilomita za mwanzo zilikuwa za mazungumzo. Vijana wenye kasi walitaka kwenda mbele na ikabidi wazuiwe. Kufikia kumi na tano jua lilikuwa limeshatoka na mazungumzo yamekatika. Baada ya ishirini na tano walibaki wachache. Mmoja wao, kijana hodari wa mbio fupi, alipoacha alikaa ukingoni akasema, "Mwendo wenyewe si mkali, ila hauishi." Sentensi hiyo nayo inaingia kipindi cha pili, kwa sauti yake, amekubali.

Nataka kipindi hicho kieleze sababu, kisiishie kwenye mshangao. Mwili wa mtu mzima huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kiasi cha gramu 400 hadi 500 hivi. Akiba hiyo inatosha kilomita thelathini na kitu kwa mwendo wa nguvu. Mkimbiaji wa marathoni anaweza karibu kuimaliza mbio kwa akiba hiyo akiongeza kidogo tu njiani. Wa ultramarathoni hawezi. Lazima ale, na ale mapema kabla njaa haijaja, kwa sababu tumbo likipungukiwa na damu kutokana na joto na mbio hukataa chakula. Siku hizi wakimbiaji hulenga gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa. Nimekaa na bibi mmoja anayeuza vitafunio karibu na Sokoni Marikiti tukazungumza tende, kashata, viazi vitamu na uji mwepesi wenye sukari na chumvi. Tende zimeshinda kwa urahisi: hazimwagiki, haziharibiki juani, na tumbo la mtu wa Pwani limezizoea tangu utotoni.

Jambo la maji litahitaji uangalifu zaidi. Watu wengi huamini kwamba kwenye joto unywe kadiri unavyoweza. Mtu akinywa maji matupu mengi kwa saa nyingi huku akitoka jasho la chumvi, sodiamu katika damu hushuka, na hali hiyo imewahi kuua wakimbiaji. Madafu nayo, ambayo kila mtu hapa atayataja, yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, kwa hiyo chumvi bado inahitajika pembeni. Nimemwambia msimulizi asome sehemu hii polepole.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani imeingia. Kurekodi kumesimama mchana, kwa kuwa koo kavu husikika kwenye maikrofoni, lakini kuandika kunakwenda vizuri usiku baada ya tarawehe. Kipindi cha kwanza kimekamilika kwenye karatasi.

Kinaanzia kwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, aliyeandika kwamba mwaka 490 kabla ya Masihi mjumbe aitwaye Pheidippides alitumwa kutoka Athens kwenda Sparta kuomba msaada dhidi ya Waajemi, akafika siku ya pili yake. Kwa karne nyingi watu waliichukua kama hadithi tu. Mwaka 1982 ofisa wa jeshi la anga la Uingereza, John Foden, aliamua kuijaribu kwa miguu pamoja na wenzake wanne. Watatu walifika chini ya saa 40, naye Foden akiwa mmoja wao. Mwaka uliofuata mashindano rasmi yakaanza.

Napenda masharti yake yalivyo wazi. Kilomita 246, saa 36, ukichelewa kituoni unatolewa. Njia inapita mashamba ya mizabibu na mizeituni, kisha usiku inapanda mlima Parthenio hadi kiasi cha mita 1,200 kwenye njia ya mawe. Mwisho wake ni sanamu ya Leonidas mjini Sparta. Unagusa mguu wa sanamu ndiyo umemaliza. Hupewi fedha. Unavikwa shada la majani ya mzeituni na kunyweshwa maji ya mto Evrotas.

Hapo, Septemba 1983, ndipo anapotokea Kouros, kijana wa miaka 27 ambaye nje ya nchi yake hakujulikana.

Jumapili, 16 Machi

Usiku wa leo umeenda wote kwenye ukurasa mmoja, na sijuti.

Kouros alishinda mbio za kwanza za 1983 kwa saa 21, dakika 53 na sekunde 42, karibu saa tatu mbele ya wa pili. Waliokuwepo hawakuamini. Walioanza naye walikuwa watu wenye majina, na huyu hakuwa na jina. Ikasemwa lazima alipanda gari mahali fulani gizani. Aprili 1984 akaalikwa Austria kwenye mbio za siku tatu, kiasi cha kilomita 320, watu wakiwa wamemkazia macho. Akashinda. Mwaka huo huo akarudi Spartathlon akakimbia saa 20 na dakika 25, haraka zaidi ya ile iliyotiliwa shaka kwa karibu saa moja na nusu. Julai mwaka huo, New York, alikimbia siku sita akapita kilomita 1,020 na kuivunja rekodi ya Mwingereza George Littlewood iliyokuwa imekaa tangu 1888.

Msimulizi alitaka tumkasirikie kila aliyeshuku. Mimi nimeomba tusifanye hivyo. Mtu aliyezoea kuona washindi wakipishana kwa dakika, akaletewa pengo la saa tatu, ana haki ya kuuliza. Kinachonigusa ni jinsi Kouros alivyojibu: alikwenda alikoitwa, akakimbia mbele ya wenye shaka. Vijana wetu nao hushukiwa. Kijana wa Pwani akifika kambi ya mazoezi bara akawashinda wenyeji, la kwanza kuulizwa huwa umri wake au njia aliyopitia. Nataka wasikie kwamba aliyeitwa mwongo mwaka 1983 alishinda Spartathlon mara nne, 1983, 1984, 1986 na 1990, na kwa miongo mingi nyakati nne za kasi zaidi katika historia ya mbio hizo zilikuwa zake zote nne.

Nimeandika upya sentensi ya mwisho ya sehemu hii hadi imebaki na tarehe na muda tu. Imetosha.

Jumatatu, 24 Machi

Tarehe hii haiwezi kupita bila kuandikwa. Siku kama ya leo mwaka 2007 dunia ilikuja kukimbia hapa kwetu: Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika, kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, ukingoni mwa bahari. Nitaifanya sehemu ya kipindi cha tatu, kile cha joto, ingawa Kouros mwenyewe hakuwepo.

Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu na fupi za nyika miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006. Hakuna aliyetarajia mwingine. Joto lilipita nyuzi 30 na unyevu wa hewa ulikuwa mzito. Kwenye mzunguko wa mwisho Bekele aliacha. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda kilomita 12, na Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Uholanzi, akachukua ya wanawake. Watu wengi wa mtaani walikuwepo wakiwa watoto, na bado wanasimulia wanaume wenye mwili wa chuma wakitembea kama waliorogwa.

Hawakurogwa. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ya Mombasa mwezi wa tatu imeshajaa maji, kwa hiyo jasho linatiririka hadi viatuni bila kukauka, na moto unabaki ndani. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja. Mtu aliyetoka mahali pa baridi akafika siku mbili kabla ya mbio hana ulinzi. Akikaa na kufanya mazoezi kwenye joto hilo kwa siku kumi hadi kumi na nne, maji ya damu yake huongezeka, jasho huanza mapema, mapigo ya moyo hupungua kwa mwendo ule ule. Sisi tunazaliwa ndani ya darasa hilo. Ninaposema hivyo simaanishi kwamba joto letu linatosha kumfanya mtu bingwa; namaanisha kwamba ipo hali ambayo kijana wa Likoni au Kisauni ameijua tangu utotoni, na bingwa wa dunia ilimwangusha mbele ya macho yetu.

Kuna mbio za Badwater huko Marekani, kilomita 217, zinazoanza chini ya usawa wa bahari katika bonde la Death Valley mwezi wa Julai. Huko joto ni kavu, jasho hukauka papo hapo hata mtu asijue amepoteza maji kiasi gani. Ni adui mwingine. Msimulizi atayaweka mawili hayo kando kwa kando.

Jumamosi, 12 Aprili

Baada ya Idi tumerudi kazini, na mzee mpiga udi ametoa jibu. Tulimpelekea rasimu ya kipindi cha nne, akaisikiliza yote amefumba macho. Kipindi hicho kinahusu maisha ya Kouros nje ya mbio: alivyohamia Australia, akasoma fasihi ya Kigiriki katika Chuo Kikuu cha La Trobe mjini Melbourne, na kwamba ni mtunzi wa mashairi na nyimbo na huziimba mwenyewe.

Mzee hakuuliza kuhusu kilomita. Aliuliza, "Ana nyimbo?"

"Anazo, mzee wangu. Hutunga na kuimba."

"Basi nitampigia. Mwenye nyimbo hapigiwi kigoma cha simu."

Wagiriki nao hupiga udi, na mzee analijua hilo kuliko sisi. Akatupigia bashraf fupi ya kufungulia vipindi, kisha akaomba asomewe tena sehemu ya usiku, pale Kouros anaposema kwamba mwili ukichoka yeye huutawala kwa akili, na mwili husikiliza. Kwa sehemu hiyo hakutaka wimbo. Alipiga nyuzi mbili tu, zinarudi na kurudi, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani msikilizaji ataweza kuvumilia. Kijana wa studio alitaka kuikata. Nimesimama na mzee. Kouros hushikilia kwamba mbio za kilomita 50 au 100 hazifikii kuitwa ultra, kwamba jambo lenyewe huanza pale mtu anapokuwa amepita usiku mzima bila kusimama. Msikilizaji akivumilia dakika moja ya nyuzi mbili, amesogea kidogo karibu na maana hiyo.

Jumanne, 29 Aprili

Masika. Nyumba tunayorekodia ina kuta nene za mawe ya matumbawe zinazozima kelele za tuktuk vizuri sana, lakini paa ni mabati. Mvua ikianza, kazi imekwisha. Tunarekodi mapande mapande, kati ya adhana na adhana, kati ya wingu na wingu.

Ijumaa, 9 Mei

Jana usiku tulikipeleka kipindi cha tatu barazani kwa wazee, tukakipiga kwenye spika ndogo. Nilitaka kujua kama kinashikika kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia. Kinashikika. Lakini mzee mmoja, baharia mstaafu, aliuliza swali lililobadilisha mpango: "Hizi mbio zenu zina vijana tu?"

Nikawasimulia Cliff Young. Mwaka 1983, kwenye mbio za kwanza za Sydney hadi Melbourne, alitokea mkulima wa viazi mwenye miaka 61 kutoka Beech Forest, jimbo la Victoria. Alikuwa amezoea kukimbiza kondoo shambani akiwa na viatu vya mpira. Wenzake walikuwa wanariadha waliofadhiliwa, wakakimbia kwa kasi na kulala usiku. Yeye alikwenda mwendo wa kuburura miguu, taratibu, na akalala kidogo kuliko wao. Akashinda kwa siku 5, saa 15 na dakika 4, kisha zawadi ya dola 10,000 akawagawia wenzake. Australia nzima ikampenda, na ni kwa sababu yake mbio zile zilipata jina hata Kouros akavutwa kwenda kuzikimbia miaka miwili baadaye.

Baraza ilichangamka. Baharia alirudia mara kadhaa kuhusu zawadi, "Akawagawia!" Mwingine, ambaye hununua kahawa kila jioni bila kusema mengi, alisema mkulima yule aliwashinda kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba usiku ni wa kulala. Nimeliandika, maana ni maneno yale yale ya ami kuhusu vituo, yametoka kwa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo Cliff Young, ambaye alikuwa na dakika mbili tu kwenye kipindi cha nne, sasa amepata nusu ya kipindi. Baadhi ya mambo ya Melbourne yameondoka. Sioni hasara.

Jumapili, 25 Mei

Kipindi cha tano ndicho kilichokuwa na mjadala mkali kuliko vyote, na kimefungwa leo.

Oktoba 1997, Adelaide, Kouros akiwa na miaka 41, alikimbia zile kilomita 303.506 uwanjani, kwenye mzunguko wa mita 400. Ni zaidi ya mizunguko 750. Baada yake alisema hatakimbia tena mbio za saa 24 na kwamba rekodi hiyo itakaa karne nyingi. Miaka minane baadaye, akiwa karibu na hamsini, alipita kilomita 1,030 kwa siku sita huko Colac, nchini humo humo Australia.

Rekodi ile ilikaa miaka 24. Agosti 2021, mjini Pabianice nchini Poland, Aleksandr Sorokin wa Lithuania alifikisha kilomita 309.399. Mwaka uliofuata, Verona, Italia, akaipeleka hadi 319.614. Kwa ramani ya ami, hiyo ni kuukaribia mji wa Makindu wenyewe. Mwaka 2023 rekodi ya Spartathlon nayo ikaanguka, baada ya miaka 39: Mgiriki Fotis Zisimopoulos alikimbia kwa saa 19, dakika 55 na sekunde 9.

Msimulizi alipendekeza tumalizie Adelaide, shujaa akiwa juu. Kijana wa studio akamuunga mkono. Nilikataa, na nitaeleza kwa nini kwa sababu huenda mwingine akakutana na uamuzi kama huu. Vijana wanaotusikiliza wana intaneti. Watatafuta, wataona jina la Sorokin, na watajiuliza tumewaficha nini kingine. Na Sorokin mwenyewe ni zawadi kwa mradi huu. Ujanani alikuwa mpiga kasia. Alianza kukimbia mwaka 2013, mtu mzima wa zaidi ya miaka thelathini, akitaka kupunguza uzito. Hakupita kambi ya vijana, hakukulia mlimani. Viatu vya sasa vyenye sponji nyepesi na sahani ngumu ndani vimesaidia kizazi chake, na elimu ya kula njiani imeendelea sana. Hayo tumeyataja bila kumpunguzia mtu heshima. Kilomita alizikimbia yeye.

Dada msimulizi alikubali alipoisoma kwa sauti. Alisema mtu wa kwanza kuonyesha kwamba Kibwezi hupitwa kwa siku moja atabaki yeye huyo huyo, hata wakija wa kufika Emali. Tumeiacha sentensi yake ndani, kwa sauti yake.

Faili zote tano zimetumwa usiku huu kwa vikundi vya Nyali, Likoni, Mtwapa na Changamwe, na kwa walimu walioomba. Ami amepewa yake kwenye simu kwa ajili ya safari ya kesho ya Malaba. Ameahidi kutusema pale ambapo umbali haukuchukuliwa sawasawa.

Jumamosi ijayo tunakutana kupanga mfululizo wa pili. Pendekezo langu ni Simon Mtuy wa Moshi, aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Umbwe na kushuka kwa Mweka mwaka 2006 kwa saa 9 na dakika 21, akijibebea chakula na maji yake. Huyu tutamwandikia kuomba mazungumzo, kwa Kiswahili, na maswali ya vijana wa Mama Ngina nimeshaanza kuyakusanya. La kwanza linauliza alikula nini.